Magamba ni Kucha Tu, Wasee

Neno keratini wengi wetu tulilijulia saluni. Liko kwenye chupa za shampuu, liko kwenye bango la ile huduma ya kunyoosha nywele ambayo bei yake inaweza kukulipia nusu ya kodi ya bedsita. Sasa skiza. Hiyo keratini ndiyo kucha zako. Ndiyo nywele zako, ndiyo kwato za mbuzi, ndiyo pembe ya kifaru. Na ndiyo magamba ya kakakuona, mmoja wa mamalia wanaouzwa kimagendo zaidi duniani. Kila jioni kinyozi wa mtaa wenu anafagia keratini na kuitupa kwa taka. Leo nataka tuongee vile protini hiyo hiyo, ikiota mgongoni mwa mnyama mmoja mpole, ilikuja kuwa na bei ya kufa mtu.

Tuanze na mwenyewe, juu najua wengi wenu hamjawahi kumwona hata kwa vidio. Kakakuona si mjusi. Ni mamalia, ananyonyesha, na kwenye ukoo wa wanyama majirani zake wa karibu ni kundi la kina simba, fisi na mbwa. Hana jino hata moja. Anakula mchwa na chungu kwa ulimi mrefu unaonata. Spishi zake ni 8, nne za Asia na nne za Afrika, na tatu kati ya hizo za Afrika ziko hapa Kenya.

Magamba yenyewe yanaanza kama ngozi ya kawaida. Seli zinajijaza keratini, zinakufa, zinabanana mpaka zinakuwa ngao. Kinachozikaza ni salfa: nyuzi za protini zinashikana kwa vifundo vya salfa, na ndiyo maana nywele ikiungua inanuka vile inanuka. Mtoto wa kakakuona huzaliwa na magamba laini, yanakuwa magumu ndani ya siku chache. Akichimba yanalika kwenye ncha, lakini yanaendelea kuota kutoka chini, kama tu kucha. Ukiyapima yote pamoja ni karibu moja ya tano ya uzito wake. Fikiria wewe una kilo 60, halafu 12 kati ya hizo ni kucha.

Kuna kitu kingine hapa ambacho mimi binafsi kilinimaliza. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma jeni za kakakuona walitangaza kwamba jeni moja, ile ya interferoni epsiloni, imeharibika kabisa kwa hawa wanyama. Mamalia wengine wanaitumia kulinda ngozi na sehemu laini za mwili dhidi ya vijidudu. Wazo lao ni kwamba huenda magamba ndiyo yalichukua hiyo kazi: kinga ya ndani ikapungua, ukuta wa nje ukaongezeka. Bado ni wazo, lakini ni wazo tamu.

Na ukuta huo ni wa zamani manze. Visukuku vya jamaa za kakakuona vimechimbwa Messel, Ujerumani, na vina umri wa miaka kama milioni 47. Akiona hatari anajikunja kama mpira, na hata jina pangolin linatoka kwa neno la Kimalei la mtu anayejiviringisha. Simba anaweza kumsukuma huku na huku, akamng'ata, akachoka, akaenda zake. Mbinu safi kabisa, mpaka adui akuwe na mikono miwili na gunia.

Sasa nani alisema magamba ni dawa? Uchina wanamwita chuan shan jia, yaani mwenye deraya anayetoboa mlima. Ukishika hilo jina umeshika kila kitu. Mnyama anatoboa mlima, basi magamba yake yatatoboa chochote kilichoziba mwilini: maziwa ya mama yasiyotoka, uvimbe, damu iliyokwama. Ni mantiki ya mfano. Inaingia akilini haraka ndiyo maana imeishi karne nyingi. Imo kwenye Bencao Gangmu, kitabu kikubwa cha dawa cha Li Shizhen kilichochapishwa 1596. Na huyo Li Shizhen hakuwa mjinga. Alimpasua kakakuona tumboni kuangalia kama kweli anakula chungu, akawakuta kibao. Mimi niliachia chuo njiani, so sina ruhusa ya kumcheka mtu aliyefanya utafiti wa kushika kwa mkono miaka zaidi ya 400 iliyopita. Ila tumbo alilipasua. Hadithi ya kutoboa mlima hakuna aliyeipasua.

Afrika nayo ilikuwa na hadithi zake. Wasangu wa kusini-magharibi mwa Tanzania walimfanyia kakakuona tambiko, na sehemu kadhaa za nchi hiyo watu bado wanaamini anatabiri mwaka: anawekewa vitu kama nafaka, maji na silaha, wanatazama ataenda wapi. Walele wa Kasai, Kongo, walikuwa na chama kizima cha kakakuona, na mwanaanthropolojia Mary Douglas alikiandika miaka ya 1950. Kumla ilikuwa shughuli ya waliopokelewa kwenye hicho chama, si ya kila msee mwenye njaa. Simaanishi wazee wetu walikuwa wahifadhi wa mazingira, tusijidanganye. Lakini tambiko linahitaji kakakuona mmoja. Kontena haishibi.

Wazungu nao hawakukaa nje. Royal Armouries kule Leeds, Uingereza, kuna koti la vita la kutoka India lililoshonwa kwa magamba ya kakakuona yaliyopakwa dhahabu. Gavana Mkuu Francis Rawdon alimzawadia mfalme George III. Halafu ikaja zamu ya Marekani, na huko hata hawakutaka magamba, walitaka ngozi iliyo chini yake. Ukiyang'oa, ngozi inabaki na alama za almasi, ikashonewa buti za kikauboi miaka ya 70 na 80. Kwa hivyo mnyama mmoja wa Asia angeweza kugawanywa: ngozi magharibi, magamba mashariki, nyama kwa mkahawa wa hapo karibu.

Asia ikaanza kukauka. Mwaka 2000 mkataba wa CITES ukaweka kiwango cha sifuri kwa biashara ya kakakuona wa porini wa Asia. Na hapo ndipo hadithi inatuangukia sisi, kwa sababu wateja hawakupotea, walibadilisha bara. Spishi zote 8 ziliwekwa kwenye marufuku kamili kwa kura ya Johannesburg 2016, ikaanza kufanya kazi Januari 2017. Aprili 2019, ndani ya wiki moja, Singapore ikakamata kontena mbili kutoka Nigeria zikielekea Vietnam: tani 12.9, halafu tani 12.7. Makadirio yalikuwa wanyama kama 38,000. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati.

Mwaka 2020 Uchina yenyewe iliondoa magamba kwenye orodha ya viungo vya kitabu chake rasmi cha dawa. Baadhi ya dawa za viwandani zilibaki nayo kwenye fomula zao, so msishangilie sana.

Juzi kuna msee alinitumia ujumbe inboksi: "Niaje bro, una wafuasi wengi, hujui mtu ananunua magamba? Tuko na mzigo." Anadhani ni mamilioni. Nilimwambia hapana, nikamwambia pia akishikwa ni yeye atalala ndani, mnunuzi hata jina lake hatalijua. Akanijibu ati ndani ya magamba kuna tramadoli. Huo uvumi ulizunguka kweli. Maabara ya wanyamapori ya serikali ya Marekani iliyapima magamba ya spishi zote nane, matokeo yakatoka 2019: hakuna tramadoli hata kidogo. Nilimtumia hayo pia. Blue tiki, kimya.

Na hata tukimaliza magendo leo, kakakuona mkubwa wa Kenya bado ako na shida nyingine, pale msitu wa Nyakweri, Transmara, kaunti ya Narok. Ardhi imegawanywa, kila mtu anaweka fensi ya stima kuzuia ndovu wasile mahindi, na huwezi mlaumu mkulima kwa hilo. Kakakuona anapita usiku, na anaweza kutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo lisilo na magamba likiwa mbele. Waya unamgusa. Anafanya kile amefanya miaka yote hiyo akiona hatari: anajikunja, na akijikunja anaukumbatia waya, na stima inaendelea kumpiga mpaka afe. Watu wa The Pangolin Project wamekuwa wakizungumza na wenye mashamba waondoe nyaya za chini. Ndovu anazuiwa na zile za juu.