Aliyezaliwa Mtumwa, akafa Siti

Jamani, juzi kantini ulizuka ubishi si wa kawaida. Eti Profesa Jay ana shahada gani? Na Dr. Remmy Ongala alimtibu nani? Nikawaambia haya mambo ya kuwapa wanamuziki vyeo hayajaanza leo. Kongo ndiyo usiseme: Kasanda, kwa lile gitaa lake, akawa Docteur Nico, na Franco akawa Grand Maître, yaani fundi mkuu. Lakini hao waliongezewa cheo juu ya jina. Yupo mmoja ambaye cheo kilimfuta jina kabisa, naye ni wa hapo ng'ambo tu, Unguja.

Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880. Baba asili yake Unyamwezi, mama Uzigua, familia yenye historia ya utumwa. Mtoto wakamwita Mtumwa. Si utani wa mtaani, ndilo jina lenyewe. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria 1897 (masuria waliachwa nje mpaka 1909, hili watu hulisahau), lakini jina halifutwi na sheria. Binti alikua akiuza vyungu, anavibeba kwa miguu mpaka mjini. Mwaka 1911 akahamia huko huko mjini.

Taarab ya wakati ule ilikuwa ya wanaume na ya Kiarabu. Ikhwani Safaa walishaanza tangu 1905. Huyu mama akaja na Kiswahili, watu wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 akapanda meli hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, kampuni ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sauti ya Bwana Wake. Aliyeitwa Mtumwa anarekodi na Sauti ya Bwana! Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaangaliwa vibaya.

Sasa utamu uko hapa. Kikundi chake kilikuwa na Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam. Umaalim ni wa elimu. Effandi ni neno la Waturuki, la bwana aliyesoma. Yeye akapewa Siti, kutoka Kiarabu, bibi mwenye heshima. Misri nako Umm Kulthum aliitwa al-Sitt, neno lile lile, ila mwenzake alibaki na jina lake. Ukilitazama vizuri, neno Siti halisemi chochote kuhusu sauti wala ufundi. Wanaume wanasifiwa kwa walichojifunza, mwanamke anapewa daraja. Mwanzoni iliniudhi kidogo. Lakini fikiria ule mji: wanawake waliotoka utumwani walikuwa wanaanza kuvaa buibui, vazi ambalo zamani halikuwa lao, ili nao waonekane mabibi. Kwa watu hao, kumwita binti wa Fumba "Siti" ilikuwa kauli nzito kuliko kumwita fundi. Ufundi wake hakuna aliyeubishia. Ubibi ndio uliokuwa na wabishi.

Mwangalie na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyejifunza kupitia nyimbo za Siti huyu huyu. Tuzo ya WOMEX aliipata 2005, akafariki Aprili 2013, na mpaka mwisho alibaki Kidude, kitu kidogo, na ile "Bi" tu mbele. Nadhani kwa sababu wakati wake hakuna aliyehitaji tena kuthibitisha kwamba yeye ni bibi wa watu.

Kilichobaki kwa yule wa kwanza ni jina la baba: binti Saad. Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliandika Siti, na TAMWA walipoanzisha jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Pale kantini nilipowauliza jina lake la kuzaliwa, meza nzima kimya.

Haya, nina seminari saa nane, na sijasoma hata ukurasa mmoja.