Beemster: Shamba Lililokuwa Ziwa
Tazama kwanza mistari kwenye ramani. Barabara na mifereji ya Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi: wapima ardhi waliigawa nchi hii kwa miraba.

Mwaka 1607 hapa palikuwa na ziwa. Wafanyabiashara wa Amsterdam, wenye jicho la faida kuliko la mandhari, walitoa mtaji wa kulikausha. Tuta likalizunguka ziwa, na vinu vya upepo 43 vikayapandisha maji ngazi kwa ngazi hadi mfereji wa nje. Mwaka 1612 ardhi ilikuwa kavu.

Sasa fuata ukingo wa Beemster kwenye ramani. Mfereji huo wa nje, unaopindapinda, unaonyesha ufuo wa zamani. Maji yake yako juu kuliko mashamba, ambayo yako takribani mita 3.5 chini ya usawa wa bahari. Leo kazi ya vinu inafanywa na pampu.