Habari za Skauti, na Shauri kwa Wanaowaongoza

Tulipotakiwa kuandika habari za vijana kwa ajili ya kitabu hiki cha yubile, tuliona vema kuandika habari za skauti, kwa kuwa kazi hiyo tumeifanya hapa Igwachanya kwa miaka kadha wa kadha, wala hatukuifanya pasipo makosa. Twajua ya kwamba wengi wa wasomaji wetu huwaona maskauti siku ya mgeni tu. Hupangwa mistari miwili, hupiga saluti, na mmoja wao humvika mgeni skafu shingoni. Kisha hurudi nyumbani, na shughuli imekwisha. Hata Mwenge wa Uhuru upitapo huwa ni vivyo hivyo. Basi mtu asiyejua asili ya jambo hili atadhani ya kwamba skauti ni mtoto aliyewekwa kwa ajili ya kuwavika watu skafu. Kwa hiyo na tuanze na asili yake.

Aliyeanzisha skauti ni Mwingereza, jina lake Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa askari, akapanda hata kuwa jemadari. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899 alizingirwa na adui katika mji wa Mafeking, kusini mwa Afrika, muda wa siku 217. Humo mjini wavulana waliwekwa kuwa matarishi. Walichukua barua na amri, kwanza kwa punda na baadaye kwa baisikeli, ili watu wazima wapate nafasi ya kushika bunduki. Na mkubwa wao, Warner Goodyear, hakuwa ametimiza hata miaka 15. Baden-Powell aliwatazama, akaona ya kuwa mtoto akiaminiwa kazi iliyo ya lazima huitimiza, wala hahitaji kusukumwa.

Hapa yatupasa kuongeza neno ambalo halikusimuliwa sana zamani. Katika mji ule walikuwamo Waafrika wengi wa kabila la Barolong, nao walipigana kuulinda, lakini chakula chao kilipunguzwa kuliko cha wazungu, hata wako waliokufa kwa njaa. Mmoja wa Waafrika waliokuwamo ni Solomon Plaatje, mkalimani wa korti, ambaye aliandika habari za siku hizo kwa mkono wake. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1973. Plaatje alilelewa katika misheni ya Pniel, iliyokuwa ya wamisioni wa Berlin, nao ndio hao hao ambao watu wao walikuja huku Ubena wakafungua Kidugala na Ilembula. Twayataja haya si kwa kumvunjia heshima mwanzilishi, bali kwa sababu kijana wa leo huuliza, na kiongozi asiyejua jibu hudharauliwa.

Mwezi wa Agosti 1907 Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20, akakaa nao kambini katika kisiwa kidogo cha Brownsea, huko Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi wa mjini. Aliwachanganya, akawagawanya katika vikosi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege, na kila kikosi akakipa kiongozi aliye mvulana mwenzao. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, na jambo likaenea kama moto wa nyikani. Kenya liliingia mwaka 1910, Unguja mwaka 1912, Uganda mwaka 1915, na huku bara kwetu mwaka 1917, Waingereza na Wajerumani wakiwa bado wanapigana.

Msomaji wa pande hizi na aifikiri miaka ile. Mwezi wa Novemba 1916 kikosi cha Wajerumani, mkubwa wake Huebener, kilisalimu amri pale Ilembula, si mbali na hapa tulipo. Watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula chao kililiwa na majeshi. Basi si ajabu nguo ya kaki isipendwe na wazee, maana waliijua kuwa ni nguo ya askari. Hata sisi, miaka mingi baadaye, tulipoanzisha kundi letu, bibi mmoja alitujia akauliza, "Mwalimu, hawa wajukuu wetu mwawapeleka wapi?" Hatukumcheka. Tuliketi naye tukamweleza, naye akaondoka pasipo kusema kwamba ameridhika.

Katika shule kubwa za serikali na za misheni skauti ilishika mizizi mapema. Mfano ulio maarufu ni Shule ya Serikali ya Tabora, ambako Julius Nyerere aliingia mwaka 1937. Yeye hakuwa mtu wa michezo, alipenda vitabu. Na baada ya kukisoma kitabu cha Baden-Powell alisaidia kuanzisha kundi la skauti shuleni pale. Hatusemi ya kwamba skauti ndiyo iliyompa Mwalimu akili yake. Twasema tu kwamba kundi lile lilipata nguvu kwa mwanafunzi aliyesoma akavutwa na aliyoyasoma.

Sheria ya nne ya skauti humwagiza kila mmoja awe ndugu wa skauti mwenzake, awaye yote. Sheria hiyo ilivunjwa na wakubwa kabla ya kuvunjwa na watoto. Huko Afrika Kusini vijana Waafrika walikataliwa kuitwa skauti, na mwaka 1922 walifanyiwa chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Mwaka 1936 Baden-Powell mwenyewe alifika huko, na shauri lililopatikana lilikuwa la nusu: Waafrika wakapewa jina la skauti, lakini chama chao kikatengwa na cha wazungu. Kutengana huko hakukuondolewa mpaka mwaka 1977. Mzee mwenyewe alihamia Nyeri, katika Kenya, mwaka 1938. Akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa mahali pauelekeapo Mlima Kenya. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara yenye nukta katikati, nayo ni ile alama ya njiani ambayo skauti huwaachia wenziwe kuwajulisha kwamba amekwenda nyumbani.

Huenda mtu akauliza, haya ya kale yatuhusu nini sisi wa Igwachanya? Yatuhusu, kwa kuwa nasi tunazo namna zetu za kutenga. Mtoto wa mwenye duka hupewa uongozi wa kikosi kwa sababu baba yake alinunua bendera. Mtoto wa dada yetu hupandishwa cheo kabla ya wenziwe. Mtoto asiye na viatu huwekwa mstari wa nyuma siku ya mgeni. Mambo haya tumeyaona, na mengine tumeyafanya.

Katika habari ya vyeo, yafaa kiongozi ajue jinsi vilivyowekwa hapo mwanzo. Palikuwa na daraja tatu: mwanagenzi, skauti wa daraja la pili, na skauti wa daraja la kwanza. Ili kuingia daraja la pili, mvulana alitakiwa kujua kufunga jeraha. Kwenda maili moja kwa dakika 12, akikimbia na kutembea kwa zamu. Kuwasha moto kwa njiti za kiberiti zisizozidi mbili. Kupika nyama kidogo na viazi viwili. Kujua pande 16 za dira. Tena awe na akiba ya peni 6 katika benki. Mtu wa Njombe akisikia habari ya viazi atacheka, kwa maana kwetu mtoto huvipika kabla ya kujua kusoma. Lakini njiti mbili za kiberiti, mwezi wa Juni, ukungu umelala na kuni zimelowa, si jambo la kuchekwa. Tumewaona vijana wakubwa wakishindwa, na msichana mmoja mdogo akafaulu kwa kuwa alikuwa ameficha vijiti vikavu chini ya sweta lake tangu jana yake.

Daraja la kwanza lilikuwa na majaribu mengi zaidi, kama kuogelea, kutumia shoka, na safari ya miguu ambayo kijana huiandikia taarifa. Lakini lililo kubwa machoni petu ni hili: alipaswa kumleta mwanagenzi aliyemfundisha yeye mwenyewe, huyo naye ajaribiwe, afaulu. Yaani mtu hakupanda kwa ujuzi wake peke yake. Siku hizi majina ya daraja yamebadilika, na kila nchi ina yake. Ndugu zetu wa Kenya huwaita vijana wao Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri kwa kadiri ya umri, majina ambayo twayaonea wivu kidogo. Hata hivyo jaribu lile la kumfundisha mwenzako sisi tumelishika, wala hatutaliacha.

Tulilishika baada ya kuaibika. Mwaka mmoja tulimngojea mgeni mkubwa, nasi tukataka kundi lipendeze. Vijana wanane walikuwa hawajajaribiwa. Tukawapa beji za daraja la pili hivi hivi, tukisema watajaribiwa baadaye. Mgeni akaja, akasifu, akaenda zake, na hiyo baadaye haikufika. Wakati wa masika mtoto wa jirani alikuwa akikata mianzi, nyengo ikamteleza ikamkata mguu, damu ikatoka nyingi. Aliyekuwa karibu ni mmoja wa wale wanane, amevaa sare, ametoka gwarideni. Alisimama akatazama. Mama mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyechana kitenge chake akaufunga ule mguu, akaubana kwa mkono mpaka usafiri ulipopatikana wa kwenda hospitali. Mtoto yule alipona, twashukuru.

Jioni yule skauti alikuja nyumbani kwetu. Alikuwa ameifungua beji, ameifunga katika karatasi. Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Hii si yangu." Tulimwambia aibakize, atajifunza. Akakataa, akaiweka mezani. Usiku ule hatukulala vema. Jumapili tukawaita wale saba wengine, tukawaomba radhi mbele ya kundi zima, nao wakazirudisha. Wazazi wawili walikasirika, wakawaondoa watoto wao. Yule wa kwanza alijifunza kufunga majeraha kwa muuguzi mmoja kwa majuma sita, akajaribiwa na mtu mwingine, si sisi, akashinda. Wengine wanne walishinda baadaye, na mmoja hajashinda hata sasa, lakini bado yumo kundini.

Juu ya uongozi wenyewe shauri letu ni moja: kikosi kiwe kidogo, vijana sita hata wanane, na kiongozi wake awe kijana mwenzao, tena awe na kazi kweli kweli. Viongozi wa vikosi wakikutana, hilo ndilo baraza la kundi. Wao huamua juu ya kambi, juu ya fedha ndogo tulizo nazo, juu ya mwenzao aliyekosa. Mtu mzima huketi pembeni. Kwa sisi tuliozoea kufundisha katekisimu, kuketi pembeni na kunyamaza ni kazi nzito kuliko kulima. Mwaka mmoja baraza liliamua kupiga kambi mwezi wa Julai. Tulisema mara moja tu kwamba kuna baridi. Wakaenda, nasi tukaenda nao, na mablanketi yetu mawili. Alfajiri wote walikuwa wamezunguka moto, meno yakigongana, hakuna aliyetaka kutoka kuchota maji. Mwaka uliofuata waliamua Septemba, wala hatukuulizwa.

Viongozi wazima nao wana shule yao. Mwaka 1919 shule hiyo ilifunguliwa Gilwell, karibu na London, na waliofuzu wakapewa shanga mbili za mbao. Shanga za kwanza zilitoka katika mkufu ambao Baden-Powell aliutoa Uzulu, wakati wa vita juu ya Dinuzulu mwaka 1888. Wako wanaouliza kama aliupata kwa haki, na swali lao lina maana. Hata leo waliofuzu huvaa shanga za mfano huo, na mwenye kuzivaa hana budi kujua zilikotoka.

Katika kazi za kuwasaidia watu, hatari iko katika haraka. Kundi likiambiwa lifanye jambo kwa ajili ya sikukuu fulani, litafanya lionekanalo upesi. Nasi tulipanda miche ya mikaratusi kandokando ya chemchemi, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana kwa wingi, tukapiga picha. Mzee mwenye kinyungu bondeni alitungojea tulipomaliza, akauliza, "Mmemwuliza nani? Mti huu hunywa maji. Miaka michache mtachota matope." Vijana walitutazama. Tuliona haya, tukamwomba mzee atuonyeshe kifaacho. Juma lililofuata tuliing'oa miche yote, tukaihamishia kilimani, mbali na maji. Kule chemchemini tukapanda mivengi 40, ambayo mzee alitufundisha jinsi ya kuiotesha kwa mbegu, na hakuna aliyetupiga picha.

Kiangazi kilichofuata tulihesabu, ikawa 27 yenye uhai. Mingine ililiwa na mbuzi, na mingine ilikauka kwa sababu kikosi kimoja kilisahau zamu yake ya kumwagilia. Baraza lilikaa juu ya habari hiyo mchana mzima, likaamua kwamba waliosahau wasifukuzwe, bali waoteshe miche 13 na kuipanda wao wenyewe, na zamu ziandikwe ubaoni nje ya darasa la katekisimu, kila mtu azione. Miche hiyo sasa imefika magotini, na mwezi huu zamu ni ya Kunguru.