Maneno ya Vyombo vya Safari: Ushahidi wa Historia Katika Njia ya Nyakahura

Msafiri atokaye Lusahunga kwenda Rusumo, penye daraja la kuingilia Rwanda, hupita Nyakahura katika wilaya ya Biharamulo. Hapana reli huko, wala bandari. Bahari iko mbali zaidi ya kilomita 1,000, na lugha za nyumbani za watu wa pande zile ni Kisubi, Kihangaza na nyinginezo. Hata hivyo, malori ya kwenda Rwanda na Burundi husimama kando ya barabara, na mwenye kusikiliza atamsikia dereva akilalamika kuwa usukani ni mzito, utingo akikagua shehena, na abiria akibishana juu ya nauli.

Usukani, shehena na nauli ni maneno ya baharini. Usukani, wenye asili ya Kiarabu, ulikuwa mtambo wa kuongozea jahazi kabla haujawa gurudumu mbele ya dereva. Shehena ilikuwa mzigo wa chombo. Nauli, iliyotufikia kwa Waarabu na ambayo mizizi yake yafika hata Kiyunani, ilikuwa ujira wa kupakia mtu au mali chomboni. Lori lilipokuja, Waswahili hawakuhitaji kulitafutia maneno ya kazi hizo. Waliyachukua yaliyokuwa tayari pwani, wakayapeleka bara.

Katika makala haya nimekusudia kuuliza jambo moja. Wako watu wapendao magari, treni na meli za zamani, ambao hukusanya namba za injini, majina ya viwanda na tarehe za safari za kwanza. Kazi yao ni njema, na mwanahistoria huitegemea. Je, maneno nayo yaweza kuwekwa pamoja na vyuma vile yawe ushahidi wa namna hiyo hiyo? Naona kwamba yaweza, ila yapasa kwanza tujue yanashuhudia nini.

Tuanze na neno gari lenyewe. Asili yake ni Bara Hindi, ambako hutajwa kwa Kihindi na Kigujarati kwa maana ya chombo cha magurudumu kinachokokotwa. Mombasa ilipoanza kujengewa reli mwaka 1896, na kazi hiyo ikafika Kisumu mwaka 1901, vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Chombo kipya kikaitwa gari la moshi, yaani jina la Kihindi likafafanuliwa kwa neno la Kibantu. Baadaye ilipokuja motokaa, neno gari liliimeza nayo, hata leo asemaye gari peke yake hafikiriwi kuwa anataja chombo cha kukokotwa na ng'ombe. Akitaka kukitaja hicho, sharti aongeze maneno. Kilichokuwa cha kawaida kimekuwa cha kuelezwa.

Sasa tufikie fumbo ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito wake. Reli za kwanza za Tanganyika hazikujengwa na Waingereza. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati waliianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ni njia ya kilomita zaidi ya 1,200, kazi kubwa kuliko zote walizozifanya katika nchi hii. Basi tungetazamia Kiswahili cha reli kijae Kijerumani. Lakini reli, stesheni, injini, breki na tiketi vyote vimetoka Kiingereza. Kijerumani kilituachia maneno machache sana, na yajulikanayo zaidi ni shule, pamoja na hela kutokana na sarafu yao ya Heller.

Sababu ya kwanza ni muda. Reli ya Kati ilitimia mwaka 1914, na mwezi wa Septemba 1916 Tabora ikatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji. Wajerumani hawakupata hata miaka mitatu ya kuiendesha njia nzima. Sababu ya pili ni kwamba serikali yao ilitumia Kiswahili katika utawala, hivyo mfanyakazi hakulazimika kujifunza lugha ya bwana wake. Sababu ya tatu ndiyo nzito. Neno la chombo huenezwa na karakana zaidi kuliko sherehe ya kuzindua. Hulibeba fundi anayemwonyesha mwanafunzi wake nati ipi ifunguliwe, naye mwanafunzi hulibeba maisha yake yote. Karakana za miaka arobaini iliyofuata zilikuwa chini ya Waingereza, na mafundi wengi wenye asili ya India. Ndiyo maana tuna spana, tairi, gia, klachi na rejeta.

Hapa yatubidi kuwa waangalifu. Mtu akisoma historia kwa maneno peke yake, atadhani kwamba Reli ya Kati ilijengwa na Waingereza, na tena kwamba Waafrika hawakuwamo. Yote mawili ni makosa. Maelfu ya Waafrika walichimba tuta lile na kutandika vyuma vyake, wakiwamo Wanyamwezi wengi, na mikono yao haikuacha alama katika orodha ya vipuri. Kwa hiyo maneno yatuambia nani alifundisha kazi na kwa lugha gani. Hayatuambii nani alilipa, wala nani alitoa jasho. Kwa hayo lazima tuwaulize watu.

Mfano wa taniboi watosha kulithibitisha hilo. Neno hili latokana na jina la Kiingereza la kijana wa kuzungusha: ndiye aliyeuzungusha mpini mbele ya lori ili injini iwake. Mpini huo umetoweka siku nyingi, na Tanzania wengi sasa husema utingo. Penye neno taniboi bado twaweza kuiona kazi hiyo ya hatari, ambayo pengine ilivunja mikono, ingawa makumbusho hayawezi kuionyesha. Yako pia maneno tuliyojitungia kwa sikio na kwa jicho: pikipiki kwa mlio wake, ndege kwa umbo lake, na kifaru kwa gari la vita lenye ngozi ngumu. Bodaboda, inayobeba abiria hata Nyakahura, ilianza na baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda.

Majina ya vyombo vyenyewe nayo yana habari. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda kwa njia ya Rusumo. Baadaye akawa gavana, na Vita vya Maji Maji vilipiganwa katika utawala wake. Meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 ikapewa jina lake. Ililetwa vipande vipande, ikapakiwa katika treni hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Ilipoinuliwa na kurudi kazini mwaka 1927 iliitwa Liemba, jina la kale la Ziwa Tanganyika. Chuma ni kile kile. Jina la gavana limekwenda na utawala wake.

Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini namba 5918, Mount Gelai, moja ya injini 34 za mvuke zilizoundwa na Beyer Peacock katika miaka ya 1950. Uzito wake wapata tani 250, na Gelai ni mlima wa Tanzania. Vibao vyake vina jina la kiwanda na jina la mlima. Jina la aliyeuchochea moto wake halimo.

Mwaka 1914 Wajerumani walianza reli nyingine, ya kutoka Tabora kuelekea mto Kagera, vita vikaikatiza. Nyakahura ikabaki nchi ya barabara. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na wazee wangali wakiiita gari la moshi, ijapokuwa moshi hauna. Wale waliofanya kazi katika malori na injini za zamani wanapungua kila mwaka. Nawaomba wanafunzi wetu waendapo nyumbani likizoni wachukue daftari, wakae na mafundi hao gereji, waulize kila kipuri kiliitwaje na nani aliwafundisha kukiita hivyo.