Dennison: Familia iliyojenga jina kwa lebo na vijisanduku

Kampuni ya Dennison ya Marekani, iliyovuma kwa lebo na vifungashio vya karatasi, ilianzia nyumbani kwa fundi wa viatu katika mji wa Brunswick, jimbo la Maine, mwaka wa 1844.

Wakati huo, masonara wa Marekani walitegemea vijisanduku vya mapambo vilivyoagizwa kutoka Ulaya. Aaron Dennison, aliyekuwa sonara mjini Boston, alimshawishi babake, Andrew, avitengeneze mwenyewe. Mzee huyo na mabinti zake walikata kadibodi na kuigundisha kwa mkono, naye Aaron akabuni mashine ya kurahisisha kazi hiyo.

Hata hivyo, moyo wa Aaron ulikuwa katika saa. Mnamo 1849 alimwachia nduguye, Eliphalet, biashara hiyo, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa kiwanda cha saa kilichojulikana baadaye kwa jina la Waltham.

Eliphalet aliongeza kadi na lebo za bei za masonara. Ufanisi wake mkubwa ulitokana na tatizo dogo: lebo za mizigo zilikuwa zikichanika kwenye tundu la uzi, zikaanguka, na mzigo ukafika bila jina la mwenyewe. Suluhisho lake lilikuwa kubandika vikaratasi vya duara pande zote mbili za tundu ili kuliimarisha. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mnamo 1863.

Kampuni ilisajiliwa rasmi mwaka wa 1878. Eliphalet alifariki 1886, na mwishoni mwa miaka ya 1890 shughuli zikahamishiwa Framingham, jimbo la Massachusetts.

Kadiri hisa zilivyorithiwa, ndivyo zilivyozidi kuwa mikononi mwa watu wasiofanya kazi kiwandani. Hatari ilikuwa kwamba maamuzi yangefanywa na wale wanaosubiri gawio tu. Mnamo 1911, chini ya mpango uliohimizwa na Henry Dennison, mjukuu wa Eliphalet, wenyehisa walipewa hisa za gawio maalumu zisizo na kura. Usukani ukakabidhiwa wafanyakazi waliokuwa na majukumu ya uongozi.

Mwaka wa 1916, kampuni ilianza kutenga fedha za kuwafaa wafanyakazi wake iwapo kazi ingeadimika, mfuko uliokuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Henry aliiongoza kampuni tangu 1917 hadi alipofariki 1952.

Nayo teknolojia ilikuwa ikibadilika. Mnamo 1935, R. Stanton Avery alianza kutengeneza mjini Los Angeles lebo zenye gundi, zisizohitaji uzi wala maji. Kampuni aliyoiasisi iliungana na Dennison mwaka wa 1990, ikazaliwa Avery Dennison. Hivyo, jina la fundi wa viatu wa Brunswick lingali katika biashara ya lebo.