Moyo wa mtoto mbele ya mwalimu wa dini katika mitaa ya Eastlands, Nairobi

Moyo wa mtoto mbele ya mwalimu wa dini ni hali ya mtu kumwendea sheikh, padre, mchungaji au mzee wa kanisa akiwa tayari kufundishwa. Haji kubishana, haji kuonyesha anayoyajua, na anakubali kuanzia chini. Katika mitaa ya Eastlands, mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, hali hii iko katika madrasa za Majengo na Eastleigh, katika jumuiya za Kikatoliki za Dandora na Kariobangi, katika makanisa yenye kanzu nyeupe na bendera, na katika makanisa ya kipentekoste ya Umoja, Kayole na Huruma. Haifanani kila mahali. Kinachotenganisha sura zake si wingi wa imani ya mwanafunzi. Ni kama mwalimu naye ana mtu wa kumfundisha na kumkosoa.

Mitaa ya zamani ya Eastlands ilipangwa kwa ajili ya wafanyakazi, na familia hazikufikiriwa sana. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wa mjini wakae mahali pamoja. Vijiji vya Maskini, Kaburini na Mombasa vikabomolewa, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikafuata, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Baadaye zikaja Kaloleni, Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Kijana aliyetoka Murang'a, Machakos, Siaya au Vihiga alipata kitanda katika chumba cha watu kadhaa, na baba, mjomba na wazee wa ukoo walibaki nyumbani. Aliyempatanisha na mwenzake baada ya ugomvi, aliyemfundisha kuomba, aliyesimama kaburini akifa mbali na kwao, mara nyingi alikuwa mwalimu wa dini. Kwa hiyo mtu wa Eastlands anapomwita mchungaji wake baba, au mwalimu wa madrasa anapoheshimiwa kama mzazi wa pili, hakuna kutia chumvi. Nafasi ya mzazi ilikuwa wazi kweli, na ikajazwa.

Majengo ya Pumwani ndiyo iliyokuwa na desturi hii mapema zaidi. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa Waislamu, wengine wa pwani na wengine Wakikuyu, Wakamba na watu wa bara waliosilimu wakiwa watu wazima. Msikiti wa Riyadha wa Pumwani umechukua jina la msikiti wa Lamu ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa visiwa vya Ngazija na kufariki mwaka 1935. Huko Lamu alijulikana kwa kuwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao, wakiwemo wazao wa watumwa. Kumbukumbu hiyo inafaa Majengo, mahali ambapo mwanafunzi angeweza kuwa dobi, mpishi wa mzungu au mama muuza maandazi.

Somo lenyewe linamshusha mtu. Mwanafunzi anakaa chini, juzuu au lohi ya mbao mapajani. Mwalimu anatamka herufi kwa fataha, kwa kasra, kwa dhumma, naye anarudia. Akikosea anarudishwa nyuma, na halaumiwi kwa kutojua maana, kwa sababu maana itakuja baadaye. Mtu mzima aliyesilimu juzi hupita njia hiyo hiyo, wakati mwingine kando ya mtoto wa miaka sita ambaye ulimi wake umeshanyooka. Kwa mtu aliyezoea kuheshimiwa kazini hili si jambo dogo. Adabu nyingine zinafuata: kutomtangulia mwalimu njiani, kutokaa mahali palipo juu kuliko pake, kuomba ruhusa kabla ya kuondoka, kutafuta radhi yake kabla ya safari ndefu. Katika madrasa za Wasomali wa Eastleigh utii wa namna hii ni mkali zaidi, na Qurani huhifadhiwa kwa kusikilizwa kila siku na mwalimu mmoja anayemjua mwanafunzi kwa sauti.

Kisa kinachotajwa sana katika kufundisha subira hii ni cha Musa na Khidhri katika sura ya Al-Kahf, aya ya 60 hadi 82. Musa anaomba kumfuata mtu mwenye elimu asiyokuwa nayo yeye, anaahidi kunyamaza, kisha anashindwa mara tatu: jahazi linapotobolewa, kijana anapouawa, na ukuta unapojengwa bila malipo. Masheikh wanakitumia kumwonya mwanafunzi mwenye haraka. Lakini wanavyuoni walio makini huongeza jambo ambalo wahubiri wa haraka hulipita: Khidhri alitenda kwa elimu aliyopewa na Mungu, na hakuna mwalimu wa leo anayeruhusiwa kuvunja sheria ya dini akidai ana siri kama yake. Tena mwalimu wa madrasa hajitokezi hewani. Ana ijaza, yaani idhini ya kufundisha, au angalau jina la aliyemsomesha, na aliyemsomesha naye alikuwa na wake, mnyororo unaorudi nyuma vizazi vingi. Mzazi anaweza kuuliza: umesoma kwa nani? Swali hilo halivunji adabu.

Upande wa Wakristo, desturi ya kujifunza kama mtoto ilipata nguvu kubwa kutokana na uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, ukafika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wake waliitana ndugu na dada, wakajulikana kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Mafundisho yao yalikuwa kuvunjika na kutembea nuruni, yaani mtu kusimama mbele ya wenzake na kutaja dhambi yake kwa jina. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mwalimu naye alisimama. Kasisi aliyekopa pesa na kukawia kulipa aliyataja hayo mbele ya karani, fundi na mama wa nyumbani, nao wangeweza kumwuliza kama ameshakwenda kulipa. Utii wao kwa wakubwa wao ulikuwa mzito, lakini ulikuwa utii wa watu wanaoonana uchi wa roho zao, na hiyo ilikuwa kinga bora kuliko katiba yoyote ya kanisa.

Makanisa ya Kiafrika yalifika Eastlands pamoja na wahamiaji wa magharibi ya Kenya. African Israel Nineveh Church, lililoasisiwa mwaka 1942 na Zakayo Kivuli, lina kawaida ya kuungama hadharani, na waumini wake hupita mitaani kwa kanzu nyeupe, vilemba, ngoma na bendera. Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 chini ya Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mwanamke kijana tu wakati huo, na wazee walimfuata. Mambo yakageuka: mwalimu ndiye aliyekuwa kijana, na wanafunzi walikuwa na mvi.

Kwa Wakatoliki, mafunzo ya mtu mzima anayetaka kubatizwa huchukua muda mrefu mikononi mwa katekista, ambaye kwa kawaida ni jirani mwenye kazi nyingine. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika mikutano ya 1973 na 1976 kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Katika mtaa kama Dandora, ulioanza miaka ya 1970 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, jumuiya hukutana nyumbani kwa zamu. Viti vinaazimwa ploti nzima, kitanda kinafunikwa shuka safi ili watu wakikalie, Biblia inawekwa juu ya stuli pamoja na mshumaa. Injili ya Jumapili inasomwa, watu wananyamaza, kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa. Mama asiyejua kusoma anaeleza alichosikia, na mwalimu wa sekondari anamsikiliza bila kumsahihisha. Hapa moyo wa mtoto hauelekezwi kwa mtu mmoja aliye mbele. Umesambazwa chumba kizima, na ndiyo sababu ni vigumu mtu mmoja kuuteka.

Maandiko ambayo Wakristo wanayategemea katika jambo hili yako Mathayo 18 na Marko 10, pale Yesu anapowapokea watoto na kusema ufalme ni wa walio kama wao. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba kinachosifiwa hapo ni kupokea bila kudai stahili, kwa maana mtoto wa wakati ule hakuwa na cheo. Paulo anaweka mpaka katika 1 Wakorintho 14:20: wawe watoto katika uovu, lakini katika akili wawe watu wazima. Nao watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanasifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku ili kuona kama Paulo mwenyewe amesema kweli. Anayehubiri utoto wa Mathayo bila utu uzima wa Wakorintho amefundisha nusu ya somo.

Kuanzia miaka ya 1970 makanisa ya kipentekoste yaliyoasisiwa na Wakenya yalienea haraka. Deliverance Church lilianza Nairobi mwaka 1970 na Joe Kayo, na Redeemed Gospel Church lilianza Mathare mwaka 1974 na Arthur Kitonga. Yaliwafikia watu ambao makanisa ya zamani yaliwaona kwa mbali, wakiwemo vijana wa vibanda, walevi na wanawake waliokuwa wakiuza chang'aa, na wengi walisimama tena wakawa watu wa kutegemewa. Wema huo ni wa kweli na unaonekana katika nyumba nyingi za Eastlands. Pamoja nao ulikua msamiati wa baba wa kiroho na mwana wa kiroho, na wa kifuniko, imani kwamba mtu anayejitenga na mchungaji wake anabaki wazi kwa adui. Pale kanisa lina baraza la wazee, hesabu zinazosomwa mbele ya washirika na askofu anayeweza kumhamisha mchungaji, uhusiano huo hulea. Mambo hubadilika katika kanisa la mabati ambalo mhubiri ndiye mwanzilishi, mweka hazina na mwenye kiwanja.

Hapo andiko la kutowagusa wapakwa mafuta hutumika kufunga midomo. Lakini kisa cha Daudi na Sauli, mfalme aliyepakwa mafuta, katika 1 Samweli 24, kinasema jambo tofauti. Daudi hakumuua Sauli pangoni, lakini alitoka nje, akashika kipande cha joho alichokikata, akamweleza mfalme kosa lake kwa sauti watu wakisikia. Heshima na lawama zilikaa pamoja katika kinywa kimoja.

Kudanganyika kwa watu wenye nia safi kumeleta maumivu makubwa. Mwaka 2014 kituo cha televisheni cha KTN kilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyotumia kemikali kugeuza maji ya kuoshea miguu yawe mekundu kama damu, huku waumini wakiombwa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka, ya shilingi 310. Simu ya mkononi imerahisisha mambo ya aina hii, kwa maana tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 sadaka inaweza kumfikia mtu ambaye mtoaji hajawahi kumwona zaidi ya kumsikia redioni. Baya kuliko yote lilitokea mbali na Eastlands. Mwaka 2023 makaburi yalifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikapatikana, mingi ya watoto. Wachunguzi walisema wengi walikufa kwa njaa baada ya kufundishwa kufunga hadi kufa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka. Waliokwenda msituni walitoka sehemu nyingi za nchi, wakiwemo watu wenye elimu na kazi nzuri. Walikuwa wamehama kutoka mahali ambapo jirani, shangazi au mwalimu wa shule angeuliza mtoto yuko wapi.

Kikosi kazi kilichoundwa na rais mwaka huo, kikiongozwa na Mutava Musyimi, kilikabidhi ripoti Julai 2024 na kupendekeza sheria mpya ya mashirika ya dini. Viongozi wengi wa makanisa wamekuwa na wasiwasi na sheria za namna hiyo tangu mapendekezo ya mwaka 2016 yalipokataliwa, wakitaja uhuru wa kuabudu ulio katika ibara ya 32 ya Katiba ya 2010. Kwa watoto halisi, walio mikononi mwa watu wazima wenye moyo wa kitoto, sheria iko wazi tayari. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya chakula, elimu na matibabu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumpiga na kumtesa, madrasani na kanisani sawa na shuleni. Imani ya mzazi kwa mwalimu wake haimpi ruhusa ya kumnyima mtoto lolote kati ya hayo.