Schuldenbremse: Neno la Kijerumani lenye deni na hatia ndani yake

Kila bajeti ya Ujerumani inapojadiliwa, hutajwa neno Schuldenbremse. Kwa Kiswahili hutafsiriwa "breki ya madeni", yaani kanuni ya katiba inayoiwekea serikali ukomo wa kukopa. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haibebi uzito wote wa neno lenyewe.

Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili. La kwanza, Schulden, ni wingi wa Schuld, lenye asili moja na kitenzi sollen, kupaswa. Leo Schulden ni fedha anazodaiwa mtu, ilhali Schuld, kwa umoja, humaanisha zaidi hatia. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche aliandika mwaka 1887 kwamba dhana ya hatia ilitokana na ile ya deni. Kiswahili hutenganisha hatia na deni, ingawa wasomaji wa Biblia ya Union wanafahamu kuwa Sala ya Bwana huomba msamaha wa deni. Martin Luther alitumia hapo neno Schuld.

La pili, Bremse, hapo kale lilikuwa jina la kibanio cha pua ya farasi, kilichotumika kumtuliza. Baadaye likawa jina la kifaa cha kuzuia gurudumu.

Uswisi iliikubali kanuni yenye jina hilo katika kura ya maoni ya mwaka 2001, kwa takriban asilimia 85 ya kura. Ujerumani iliiingiza katika katiba yake mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha duniani. Nakisi ya kimuundo ya serikali ya shirikisho haikupaswa kuzidi asilimia 0.35 ya pato la taifa, isipokuwa wakati wa dharura.

Novemba 2023, Mahakama ya Katiba ilibatilisha uhamishaji wa euro bilioni 60 zilizoidhinishwa kukabiliana na janga la corona, ambazo serikali ilitaka kuzitumia kwa miradi ya tabianchi. Mwaka mmoja baadaye, Kansela Olaf Scholz alimfuta kazi Waziri wa Fedha Christian Lindner baada ya mvutano kuhusu breki hiyo, na muungano wao ukavunjika. Machi 2025, Bunge liliilegeza, hasa kwa matumizi ya ulinzi.

Wanaoitetea husema inawakinga vijana dhidi ya mzigo wa kesho. Wanaoipinga husema inazuia ukarabati wa reli na shule. Katika lugha ambamo deni linakaribiana na hatia, wanaotaka serikali ikope zaidi hulazimika kwanza kujitetea.